Bata wa Taulo

Katika hoteli ile ya ufukweni kila kitu kilikuwa kimelipiwa, isipokuwa wivu. Huo Bwana Shekue alikuja nao mwenyewe kutoka nyumbani.

Kila asubuhi Mbaruku, mhudumu wa vyumba, alikunja taulo likawa bata mwenye shingo ndefu, akamtia ua mdomoni. Bi Salha alipiga marufuku bata kuguswa. Shekue, mtu mzima na ndevu zake, akawa anajikausha kwa shuka.

“Yule kijana ana mikono ya ufundi, mume wangu,” alisema Salha, akimpapasa bata shingo, na ua lake akalichomeka nyweleni.

Mkewe alipokwenda kuogelea, Shekue alimfumua bata yule kwa ghadhabu, akaketi kitandani kukunja wake. Alitokwa jasho kuliko siku ya harusi.

Salha alirudi, akasimama mlangoni. “Huyu nani?”

“Bata.”

“Maskini! Ameugua tangu lini?”

Shekue aliinamisha kichwa. Salha akaacha kucheka. Alichomoa nyweleni ua la Mbaruku, akainama juu ya kitanda amtie bata wa mumewe mdomoni.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mbaruku. “Mama, nimeleta taulo safi!”

Mkono wa Salha ulisimama hewani na ua lake, na shingo ya bata ikaanza kulala taratibu.