Dakika Tano za Bi. Tackett

Profesa Ostrander alifunga mlango saa tatu kamili asubuhi, na Clay Kimbrough akabaki nje akitazamana na kitasa. Alikuwa amekimbia kwenye theluji tangu bwenini. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuchelewa, na kwa Ostrander mara ya tatu maana yake umefeli somo. Akifeli hili, habari ya kuwa mwanasheria asahau.

Akagonga.

"Baiskeli imepata pancha, Profesa!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mlango ukafunguka. Ostrander alisimama pale na shati lake lililopigwa pasi likanyooka, saa yake kubwa ya mfukoni i mkononi.

"Ingia, bwana Kimbrough. Usikae. Tupe kesi ya leo. Ukituridhisha, utabaki. La sivyo, njia unaijua."

Maskini Clay! Afadhali kitabu alikuwa amekisoma.

"Bi. Tackett alikuwa mjane," akaanza, bado anahema. "Shemeji yake aliidai nyumba, na mahakama ikampa. Mama akataka kukata rufaa. Siku ya mwisho, wakili wake akafika na karatasi kwa karani dakika tano baada ya dirisha kufungwa. Mahakama ya rufaa ikasema muda ni muda. Nyumba ikaenda hivyo."

"Wakili alijitetea vipi?"

"Alisema... gari lilipata pancha."

Kicheko tena, na safari hii mtu alipiga meza.

"Je, alistahili kuhurumiwa?"

Loo, mtego huo! Akisema ndiyo, wataona anajipigia debe. Akisema hapana, amejifungia mlango mwenyewe. Lakini alimfikiria yule mama na virago vyake barabarani, hasira zikampanda.

"Hapana, Profesa. Wa kuhurumiwa ni yule mama. Wakili mzembe tu, kamponza mwenziwe! Ningekuwa mimi, ningemfulia nguo yule mama mpaka nazeeka."

"Umekwisha, ndugu yangu," mtu akanong'ona nyuma. Profesa aliitazama saa yake kwa muda mrefu, masikio yamemwiva.

"Keti," akasema.

Clay akaketi upesi kabla mzee hajabadili mawazo.

Brenna, msichana wa kiti cha mbele, akanyoosha mkono. "Profesa, yule mama aliishia wapi? Kitabu hakisemi."

"Kitabu hakisemi mengi. Hata jina la wakili hakilitaji." Ostrander akaigeuza saa, akaifuta mgongo kwa kidole gumba. "Hii alinipa yeye, siku ya harusi yetu. Na nguo, bwana Kimbrough, nafua mimi. Mwaka wa thelathini na moja huu."