Usingizi wa Dereva

Mwana wa Bi Somoe alipouawa na lori, mahakama ilimpa mama fidia kama sheria inavyotaka: usingizi wa dereva aliyesinzia. Kila siku saa nane mchana bangili ya mahakama ilitetema mkononi mwake, naye akalala fofofo hadi magharibi. Dereva, huko aliko, alibaki macho.

Leo mke wa dereva alikuja amekumbatia kuku.

"Mama, nakushika miguu. Mrudishie japo saa moja. Wiki nzima hajafumba jicho."

"Kwani bado anaendesha?"

"Asipoendesha tule mawe? Kabeba saruji, saa nane hii anapita hapa hapa."

Bi Somoe akageukia barabara. Saa nane ndipo mjukuu wake Riziki, yatima wa marehemu, anapovuka akitoka shule. Asubuhi bibi alikuwa amemtegea kitendawili: hana mikono, lakini huangusha majitu. Mtoto aliahidi kurudi mbio na jibu.

Bi Somoe akaivuta bangili kwa meno. Haikufunguka. Ikatetema.

"Mwanangu, kimbia barabarani, kamshike…" alianza kumwambia mke wa dereva, lakini ulimi ulikuwa umeshalala.