Joho la Melkizedeki

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini nne midomoni, akipanga upindo wa joho jeupe. Kila pini aliyoichomeka alitamani iteleze kidogo imfikie mwenye joho kwenye kifundo cha mguu.

"Simama wima," alisema kwa pembe ya mdomo.

"Nimesimama, mama."

"Umesimama kama gunia."

Chumba kilikuwa nyuma ya ukumbi wa ibada. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, na kioo kirefu ambacho kuhani, mwenye joho hilo, hakukipa mgongo hata mara moja. Kesho asubuhi angetangazwa mbele ya waumini kwamba yeye ndiye Melkizedeki, yule kuhani wa maandiko aliyemtokea Abrahamu na mkate na divai, kisha akatoweka. Wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kulimaliza jambo hilo: Katibu, aliyekwisha kukubali kabla hajaketi, na mzee mfupi waliyemwita Miwani, ambaye bado alikuwa anakuna kichwa.

"Wengine husema alikuwa Shemu, mwana wa Nuhu," alisema Miwani. "Wengine, malaika. Wengine, Kristo mwenyewe kabla hajazaliwa. Sasa wewe unatuambia..."

"Nawaambia kilichoandikwa." Kuhani alifumba macho. "Hana baba. Hana mama. Siku zake hazina mwanzo."

"Amina!" akadakia Katibu.

Fundi aliguna. Siku hazina mwanzo! Na hicho kitambi je, nacho hakina mwanzo? Jitu zima limeagiza vifungo kumi na viwili vya rangi ya dhahabu, kimoja kwa kila kabila la Israeli, na hata kujifungia cha shingoni haliwezi. Watu wazima wanaojidanganya alishawaona wengi. Huyu alikuwa amegeuza kujidanganya kuwa kazi ya kudumu.

"Mama fundi, nawe waonaje?" Katibu alimuuliza huku akicheka, kama mtu anayemchokoza mtoto.

"Naona upindo umepanda."

"Mwacheni," kuhani alisema, macho kwenye kioo. "Mambo ya rohoni hayamhusu. Yeye ni wa sindano na uzi."

Fundi alivuta upindo kwa nguvu hata kuhani akayumba.

Miwani hakucheka. "Swali langu ni moja tu. Ukinijibu, naweka sahihi yangu. Hakuna mtu hapa duniani anayekujua tangu utotoni?"

Kuhani akaacha kioo. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mle chumbani, alimtazama fundi usoni.

"Hakuna," alisema.

Miwani akachukua kalamu, akainamia karatasi, kisha akasita. Alikuwa ameliona bega la kushoto la joho, lililotiwa pamba kwa ndani ili lilingane na la kulia.

"Kumbe bega lako moja limeshuka," alisema. "Miaka yote hii sikuwahi kuona. Fundi, ulimpima lini?"

"Sikumpima."

"Sasa ulijuaje?"

Fundi alitemea pini kiganjani, akainuka taratibu, goti moja, halafu la pili.

"Lilikwama," alisema. "Jumanne, saa kumi na moja alfajiri. Mkunga akalivuta, na mimi nikapiga yowe mtaa mzima ukaamka."