Njia Isiyo na Pingamizi

Kinyozi alikuwa mtu wa kumi na tisa kusimama asubuhi hiyo. Alisema tramu ikipita mbele ya duka lake, wateja watageuza vichwa kuitazama, na yeye wakati huo ana wembe mkononi.

"Sikio likidondoka, Mheshimiwa, nani atalishona?"

Mwenyekiti wa baraza la mji alifumba macho kwa uchungu. "Pingamizi limepokelewa. Njia ifutwe."

Mpima ardhi akachukua kifutio, akafuta. Ilikuwa njia ya thelathini na moja.

Mwanamke huyu alikuwa amekwisha kuipitisha tramu kila mahali. Alipoipitisha barabara kuu, wenye maduka walisema wateja watapata urahisi wa kwenda kununua kwingine. Alipoisogeza nyuma ya hospitali, daktari mkuu alihofia kengele itawaamsha wagonjwa, wapone kabla ya wakati. Akaihamishia kando ya makaburi. Waliopinga walikuwa hai, ila walisema wanawasemea wenyeji. Mzee mmoja wa mtaa wa juu alipinga njia zote thelathini na moja kwa sababu hakuna hata moja iliyokaribia kwake, jambo aliloliita dharau.

Na kanuni ilikuwa wazi: pingamizi moja tu, likiletwa ndani ya siku kumi na nne, linatosha kuiua njia. Mwenyekiti ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na aliipenda kama mtoto wake wa kumzaa.

"Sasa sikiliza, binti," alimwambia mpima mbele ya watu wote. "Lete njia ambayo hakuna atakayeipinga. Moja tu. Ukishindwa, tutatafuta mpima mwingine."

Jioni mpima alimkuta mama yake barazani, kwenye cherehani, akipinda suruali ya jirani.

"Wamekufukuza?"

"Bado. Wamenipa nafasi ya mwisho."

Mama akashika gurudumu la cherehani, likasimama. "Basi pitisha hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nilipokaa. Mimi sitapinga, na majirani nitawanyamazisha mwenyewe."

"Mama, acha utani."

"Utani gani? Cherehani hii ndiyo iliyokusomesha. Nitapata pa kuiweka. Lakini sikubali mwanangu apoteze kazi kwa ajili ya sikio la mteja wa kinyozi."

Mpima alikaa chini, akatandaza karatasi sakafuni, akachora. Alichora kwa muda mrefu, na kuna mahali alicheka peke yake. Alipomaliza akainua karatasi.

"Mama, hebu ona..."

"Usinionyeshe! Nikiona nitalia."

"Lakini nyumba..."

"Na hilo neno usilitaje. Nimekwisha kukubali, basi."

Njia ya thelathini na mbili ilibandikwa ubaoni, nje ya ukumbi wa baraza. Ilibomoa jengo moja tu. Nakala zilipelekwa kwa wenye jengo, nao walisaini kitabu cha kupokea. Kinyozi alikuja na miwani mbili puani, akaufuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akaondoka akipiga mluzi. Daktari mkuu alitazama, akakohoa, akaenda zake. Mzee wa mtaa wa juu alikuta tramu itasimama hatua mbili kutoka mlangoni kwake, akanyamaza kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Siku ya kumi na nne ikaisha. Kwa mama, vitambaa vyote vilikuwa vimeshaingia kwenye maboksi.

Siku ya kura ukumbi ulifurika. Mama alikaa safu ya nyuma, amevaa gauni lake zuri, leso mkononi.

"Kuna pingamizi?" aliuliza mwenyekiti.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema mpima.

"Hata moja?"

"Hata moja."

Watu walilipuka kwa vifijo. Mwenyekiti ilibidi agonge meza.

"Na hilo jengo moja? Wenyewe wana habari?"

"Walipata nakala, Mheshimiwa. Wote walisaini."

"Na hawakusema neno!" Sauti ya mwenyekiti ilitetemeka. "Mmesikia, ndugu zangu? Wengine wanalilia vibaraza, hawa wanatoa jengo zima, kimya. Laiti ningewajua, ningewashika mkono mmoja mmoja."

Diwani mmoja aliuliza kama ingefaa waitazame ramani kabla ya kupiga kura.

"Imo kwenye mafaili yenu," alisema mpima. "Tangu wiki mbili zilizopita."

"Hakuna haja ya kupekua," alisema mwenyekiti. "Tukianza kupekua, mtu atapata wazo. Napendekeza ipite, isirudiwe tena, na ubomoaji uanze saa hii hii."

Mikono yote ikapanda. Ujumbe ukapelekwa kwa mkandarasi, na punde injini zikasikika zikiunguruma barabarani. Mama akajifunika uso kwa leso. Mpima akapita katikati ya watu waliokuwa wakikumbatiana, akamfikia, akamshika mkono.

"Inuka mama, twende nje."

"Niache. Sitaki kwenda kuangalia."

"Twende tu, mama. Kutakuwa na vumbi."

Mlangoni walipishana na msimamizi wa ujenzi, kofia ngumu kichwani, ramani mkononi. Alisubiri makofi yaishe, akamwamkia mwenyekiti kwa heshima zote, kisha akamwomba ainue miguu kidogo, maana mstari wa chokaa ulipaswa kupita chini ya kiti chake.