Vidato vya Mlangoni

Lukelo alikuwa amechimba kisima mbele ya mlango hadi kimo cha mtu sururu ilipogonga jiwe.

"Mama, huu ni mwamba," aliita. "Maji tusahau."

Bi Sekela alichungulia shimoni. Nyumba yake ilisimama ukingoni mwa ufa wa ardhi. Kila tetemeko liliushusha ua shubiri moja au mbili, kisha mvua zikaujaza matope mpaka kidato cha mlangoni kikafukiwa. Hapo mwanamke wa nyumba hiyo wa wakati huo alijenga kingine juu yake, na kabla chokaa haijakauka, aliacha alama ya kiganja chake.

Bi Sekela alishuka ngazi ya kisima mwenyewe, na miaka yake sabini, akalifuta jiwe kwa kanga. Kiganja kikatokea, kidole cha mwisho kimepinda kama chake.

"Mama yangu huyu," alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. "Hujagonga mwamba, mwanangu. Umebisha hodi kwetu."

Walikiinua kidato pamoja. Chini yake udongo ulikuwa mbichi, wa baridi. Lukelo akachimba tena, na punde sururu ikalia juu ya jiwe jingine.

"Taratibu sasa," alisema Bi Sekela, akipiga magoti. "Huyo ni bibi."