Perege na Utelezi wa Mawe

Palikuwa na Perege mmoja aliyependa usafi kupita kiasi. Alipohamia tangi jipya la kioo, alisugua mawe kutwa, maana mama mkwe alikuwa anakuja.

"Shoga, acha," alisema jirani yake Konokono. "Utelezi ndio unaomeza sumu ya uchafu wetu."

"Mkwe akute utelezi? Thubutu!"

Siku ya tano Perege alikuwa akihema juujuu, hana nguvu ya kusugua. Mawe yakaota utelezi, na mwezi ulipokwisha akawa mzima, anarukaruka.

Mama mkwe akafika na mawifi wawili. Akapitisha pezi juu ya jiwe, akapiga vigelegele. "Jiwe lenye utelezi, maji salama! Mwanangu amepata mke!"

"Huo utelezi nimeuhangaikia, mama," alijibu Perege. Konokono akaingia gambani, akachekea huko.