Kengele ya Kitanda cha Dirishani

Kengele ilikuwa imetundikwa msumarini tena.

Fundi cherehani alisimama mlangoni, futi ya kupimia bado iko shingoni, akaitazama. Waya wake ulikuwa umezungushwa kwenye msumari wa pazia, juu kabisa, na kitufe kinaning'inia mahali ambapo hata yeye mwenye miguu mizima angehitaji kupanda kiti. Chini yake, kitandani, mama mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga alikuwa amejifunika hadi kidevuni, amebanwa na haja.

"Tangu saa ngapi, mama?"

"We acha tu, mwanangu. Nilikuwa najikusanya nishuke mwenyewe."

Ashuke mwenyewe! Na sakafu imepigwa deki sasa hivi, inang'aa maji. Daktari alishasema waziwazi kwamba nyonga ile ikivunjika mara ya pili, mama huyu hasimami tena. Kituo kizima kipo kwa kazi hiyo moja, kumkalisha mtu wiki chache, kumfundisha kutembea, arudi kwake kwa miguu yake. Halafu kengele wanamwekea darini! Jamani!

Fundi alimshika kwapani, akamsogezea fremu ya kutembelea, wakaenda msalani polepole, wakarudi. Ndipo akatoka ukumbini.

"Nani kaitundika ile kengele?" Sauti yake ilifika hadi jikoni.

Nesi wa zamu aliinua mikono. "Dada, tusigombane. Anabonyeza kila saa. Na sisi tuko wawili, wagonjwa ishirini na kitu."

"Basi kambonyezee tajiri wenu aongeze watu! Yule mtu kabanwa, hana namna nyingine ya kuita. Mnataka ajitupe chini ndiyo msikie?"

"Si mimi niliyeitundika. Mimi nimeanza juzi."

Kila mtu pale alikuwa ameanza juzi. Wafanyakazi wa kituo kile walibadilishwa haraka kuliko mashuka. Mwenyeji alikuwa mlinzi wa getini peke yake, naye ndiye aliyemuuliza fundi asubuhi ile huku akimfungulia, "Mama bado tu? Mbona wenzake wa siku zile wote wameshakwenda makwao?" Fundi aliuvuta mfuko wake begani, akapita.

Alirudi chumbani, akapanda kiti, akaishusha kengele. Akatoa kipande cha utepe mfukoni, akaifunga kwenye ukingo wa kitanda, karibu na mkono wa mgonjwa, fundo juu ya fundo. Kisha akafungua mfuko wake na kutoa gauni la kulalia, limefuliwa na kupigwa pasi. Mama alipolivaa, lilimfunika hadi vidole vya miguu na bado likaburuta.

"Ha! Fundi mzima unaniletea gauni la mtu mrefu?" Mama alicheka mpaka akajishika nyonga.

Fundi hakucheka. Alipiga magoti akaanza kulipinda kwa sindano. "Usinyanyuke mpaka nimalize. Utajikwaa."

Hapo akaingia mkuu wa wauguzi, naye mgeni wa mwezi mmoja, ameongozana na mwanamume aliyebeba mfuko wa machungwa, vumbi la safari bado liko viatuni.

"Afadhali umekuja, kaka," mkuu alikuwa anasema. "Nimekupigia simu kwa sababu tumechoka. Kila siku dada yako anatufokea. Mara sakafu, mara kengele, mara dawa imechelewa. Wauguzi wangu wanalia. Mkalishe chini umseme, la sivyo nitamzuia getini."

Mwanamume alimwangalia mama yake kitandani, akamwangalia mwanamke aliyepiga magoti.

"Dada yangu yupi? Mimi nimezaliwa peke yangu."

Mkuu alimgeukia fundi, uso umemvimba. "Kumbe! Siku zote hizi unatuendesha mbio, na mgonjwa si wako? Wako yuko kitanda gani?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Akasimama, akaivuta kengele kuona kama mafundo yameshika.

"Hikihiki," alisema. "Mama yangu alishuka mwenyewe, akaanguka, hakuamka tena. Na kengele ilikuwa kwenye msumari uleule."